Vipepeo wa Chumba cha Pasi

Maishani mwake Mama Pasi alifanya haraka mara moja tu, na hiyo mara moja imemkaa kooni mpaka leo kama mwiba wa samaki.

Alikuwa dobi. Kwa miaka thelathini na nane alinyoosha nguo za watu: mashati ya makarani, mapazia ya ukumbi wa sherehe, na suruali za waume ambao wake zao hawakujua zimelala wapi. Hakuwahi kuunguza hata kitambaa cha pua. Ukimpelekea gauni lililokunjana kama uso wa mkwe aliyenyimwa chai, atakuambia tu, "Liache hapo," na jioni unalikuta laini kama halijawahi kukaliwa.

Alikaa kwenye vyumba viwili vinavyotazama ua mdogo wa saruji. Kimoja cha kulala. Kingine cha pasi, chenye meza ndefu iliyovishwa blanketi na shuka, pasi mbili za umeme, na moja ya mkaa ya kuwadhihaki watu wa umeme wakikata. Uani palikuwa na mlimau uliopandwa kwenye pipa, na kando ya mlimau kulikuwa na kabati la vyombo ambalo halikuwa na chombo hata kimoja. Milango yake ilikuwa imeng'olewa na mahali pake pamezibwa kwa pazia la neti. Humo ndimo alimofugia vipepeo.

Pazia, si chandarua. Mwaka wa kwanza alitumia chandarua, kile chenye dawa, na kufikia adhuhuri viwavi wote walikuwa wamelala chali. Kijino, aliyekuwa na miaka sita, aliwazika ndani ya viberiti kumi na viwili, kila mmoja na hotuba yake.

Kijino alikuwa binti wa mumewe. Mama Pasi alimpokea ana mwaka mmoja na jino moja, mama yake mzazi akiwa amekwenda kutafuta maisha mahali ambako barua hazifiki. Baba mtu alikuwa dereva wa lori, hodari wa kusafiri, na miaka minane baadaye alisafiri safari isiyo na kurudi. Wakabaki wawili na pasi. Mtoto alikua chini ya ile meza ndefu, akicheza na vifungo vilivyodondoka. Alipouliza vipepeo wanatoka wapi, Mama Pasi, ambaye shule alikomea darasa la saba na hakuwa na jibu, alimwambia, "Tukae tuone." Wakakaa wakaona. Waliona yai dogo kama punje ya mtama juu ya jani la mlimau. Waliona kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege, ambaye baadaye hugeuka kijani na, ukimchokoza, hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu mbaya.

"Kama shangazi akiulizwa umri wake," alisema Mama Pasi, na mtoto akacheka mpaka akakaa chini.

Mwaka mmoja alitoka kipepeo mwenye mabawa yaliyokunjana, hawezi kuruka. Mama Pasi alitaka kumtupa. Kijino akakataa. Alimnywesha maji ya sukari kwa pamba, akamtembeza kwenye kidole chake siku kumi na moja, hata shuleni, hata chooni. Alipokufa, Kijino hakula siku nzima. Mama Pasi aliweka moyoni kwamba huyu mtoto ana roho, na jambo ukishaliweka moyoni, kulitoa ni kazi.

Basi miaka ikaenda. Kijino akasoma, akaajiriwa kwenye ofisi yenye lifti, akapata mchumba mwenye viatu vinavyong'aa kuliko maneno yake. Na miaka mitatu kabla ya harusi, mama mzazi akarudi. Alirudi na gari, na miwani, na manukato yanayotangulia mlangoni dakika nzima kabla yake. Mama Pasi alimpa jina la Mama Marashi, kwa siri, yaani mtaa mzima ulijua.

Tangu hapo Kijino alikuwa na mama wawili, na hesabu ya mama wawili ni ngumu sana kwenye viti vya mbele. Kamati ya harusi ilikuwa ya shangazi mtu na Mama Marashi. Waligawana kila kitu: nani ataandamana na bibi harusi, nani atalisha keki, nani atashika maua. Mama Pasi hakupewa kitu, na hakuomba. Ndipo Kijino akaja siku moja baada ya kazi, akakaa kwenye kigoda chake cha zamani.

"Mama, nataka vipepeo wetu. Ukumbini. Mimi na wewe tunasimama mbele, tunafungua boksi, wanaruka."

"Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote. Nimeshawaambia waandike kwenye ratiba."

Mama Pasi alijifanya anatafuta kitu chini ya meza, kwa sababu machozi na pasi ya moto havipatani. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake. Hakuwa na kiti, hakuwa na keki. Alikuwa na boksi. Bila vipepeo, angekuwa mgeni tu kama wengine, mwenye sahani mkononi.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Alianzia hapo akarudi nyuma, akiandika kwa chaki nyuma ya mlango: mayai siku tano, viwavi wiki tatu, ndani ya kifuko wiki mbili. Alitaka watoke Alhamisi, wapate siku mbili za kunywa maji ya sukari na kukaza mabawa. Mlimau wake haukutosha kulisha midomo arobaini na mitatu, ikabidi aombe majani kwa majirani, na kila jani alilisuuza mara tatu asije akaleta sumu ya mtu mwingine. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, fundi viatu aliyeitwa Mzee Gundi, alisimama akimtazama.

"Mama Pasi, unawaoshea viwavi mboga. Mimi huniambii hata karibu chai."

"Wewe utageuka nini nikikulisha?"

"Nitageuka mchumba."

"Basi bora kiwavi. Yeye akishiba anafunga mdomo."

Na kweli, viwavi walishiba, wakapanda juu ya vijiti, wakajifunga mkanda wa uzi kiunoni, kisha wakajigeuza vifuko. Waliojishika kwenye vijiti vibichi walikuwa kijani, waliojishika kwenye mbao za kabati walikuwa kahawia. Arobaini na mmoja walijifunga. Mmoja alikufa, na mmoja alitoroka asijulikane alikokwenda.

Siku ya nne ya vifuko ilikuwa Jumatatu. Msimamizi wa ukumbi akaleta mzigo kama kawaida: vitambaa vyeupe vya meza, na safari hii pia tepe pana za satini za kufunga kwenye viti vya wakubwa, zimedariziwa kwa uzi wa dhahabu. Mama Pasi akazipitia moja moja. Baba wa Bwana Harusi. Mama wa Bwana Harusi. Shangazi. Kisha moja: Mama wa Bibi Harusi.

Aliushika utepe ule kwa ncha za vidole. Moyo wake, ambao ulikuwa mtu mzima na ulipaswa kujua, ukaruka.

"Hizi za harusi ipi?"

"Ya Jumapili," akasema msimamizi.

"Jumapili gani?"

"Hii hii, Mama Pasi. Si ya binti yako?" Alimtazama usoni, akaanza kutafuta ufunguo wa gari ambao ulikuwa mkononi mwake.

Alipoondoka, Mama Pasi alipiga simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Harusi yako ni lini, mwanangu?"

"Mama, hujaambiwa? Mama ana safari, ikabidi tusogeze nyuma kidogo. Nilidhani shangazi amekuambia."

"Na shangazi?"

"Nafikiri alidhani mimi nimekuambia."

"Na Mama mwenye safari?"

"Naye atakuwa alidhani shangazi."

Hakuna aliyemficha. Angefichwa, angejua kwamba kuna mtu alikaa akamfikiria. Wao walipita juu yake kama mtu anavyopita juu ya kizingiti, bila kutazama chini.

"Vipepeo bado siku kumi," alisema.

"Basi tuache tu, Mama, usijisumbue. Mshereheshaji atatoa hiyo sehemu. Kuna baluni."

"Akitoa hiyo sehemu, mimi nitakuwa wapi?"

"Aah, Mama. Tutakutafutia kiti."

Tutakutafutia kiti. Mama Pasi aliangalia meza yake ndefu, ambayo chini yake mtu huyu alijifunza kutembea.

"Usitoe kitu," alisema. "Vipepeo watakuwepo."

Akakata simu, akalibeba kabati. Lilikuwa zito, akaliburuta, likachora mistari miwili kwenye saruji mpaka ndani ya chumba cha pasi. Akafunga dirisha. Akawasha pasi zote mbili, na ile ya mkaa akaijaza mkaa.

Mzee Gundi akachungulia mlangoni, gundi bado iko vidoleni. "Unafanya nini?"

"Nawahimiza."

"Hao si mashati, mama."

"Miaka thelathini na nane, sijaona kitu kilichonishinda kwa moto."

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo dobi peke yake angeweza kulifanya. Mwalimu asingelifanya, mkulima asingelifanya. Lakini mtu ambaye maisha yake yote kila kitu kigumu kilimlainikia kwa mvuke na joto, utamwambia nini?

Siku zilizofuata alipiga pasi tangu alfajiri hadi jua kuzama. Nguo za wateja zilipokwisha alinyoosha shuka zake, kisha vitambaa vya vyombo, kisha aproni ya Mzee Gundi iliyokuwa haijaona pasi tangu iliposhonwa, na mwenyewe akaogopa kuivaa. Alilowesha mataulo, akayapitishia pasi ili mvuke ujae. Utepe ule wa dhahabu aliunyoosha mara mbili. Jasho lilimtoka kama mtu anayesingiziwa. Kila saa aliinama mbele ya pazia la neti akiwasemesha. "Haya, wanangu. Mtu akisogezewa siku na yeye anasogea."

Ijumaa vifuko vikaanza kuwa vyeusi na mabawa yakaonekana kwa ndani, njano na nyeusi, kama picha nyuma ya kioo kichafu. Mama Pasi alimwita Mzee Gundi aje ashuhudie. Mzee Gundi alitazama, akasema, "Naomba radhi kwa niaba ya mashati." Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake nzuri ya mwisho.

Jumapili asubuhi wakatoka.

Thelathini na wawili walipasua vifuko. Tisa hawakupasua kitu, walikuwa wamekauka humo humo. Kipepeo akitoka huwa amekunjana, hilo alilijua tangu zamani. Anatafuta mahali pa kuning'inia na mabawa yanajaa taratibu, ndani ya saa moja yamenyooka. Basi alikaa kwenye kigoda akingoja saa moja. Ikapita. Akangoja ya pili. Walining'inia wote, wengine wameshakauka na bawa moja limejikunja kama sikio la mbwa, wengine yote mawili yamefinyana kama leso iliyolaliwa mfukoni. Hakuna hata mmoja aliyenyooka. Pasi zilikuwa zimepoa mezani. Kwa mara ya kwanza maishani dobi yule alikuwa na mikunjo thelathini na miwili mbele yake na hana la kuifanya.

Mtu mwenye akili angekaa nyumbani. Mama Pasi alioga, akavaa gauni lake la buluu, akawapanga mmoja mmoja ndani ya boksi jeupe lililofungwa utepe. Alijua wakoje. Lakini alikuwa na boksi mkononi, na ratiba ilisema boksi.

Ukumbini walimtafutia kiti kweli. Kilikuwa cha plastiki, kando ya mlango wa jikoni, na kila mhudumu aliyepita na sinia alimgonga bega na kumwomba samahani. Kutoka pale aliviona viti vya mbele. Aliuona utepe wake ulivyokaa, hauna hata mkunjo mmoja, mgongoni mwa Mama Marashi.

Mama Marashi alipomwona alimfuata, akamshika mikono yote miwili.

"Dada yangu. Ahsante sana kwa kunitunzia mwanangu."

Aliisema kwa wema kabisa, kama mtu aliyerudi stendi kuchukua begi alilomwachia mwenzake.

"Hakuwa mzito," Mama Pasi akajibu.

Kisha mshereheshaji akatangaza: sasa mama mlezi ataleta zawadi ya vipepeo. Watu wakapiga makofi, simu zikainuliwa. Mama Pasi akatembea kwenda mbele, hatua kama ishirini, na katika hizo ishirini alikuwa na kila alichokitaka duniani. Kijino akaja ndani ya gauni lake, wakasimama pamoja, mkono juu ya mkono, wakaivuta ncha ya utepe.

Hakuna kilichoruka.

Wale viumbe walitokeza ukingoni mwa boksi kwa miguu, wakishikana, wakianguka juu ya kitambaa cheupe cha meza. Walitembea kama vizee wanaotafuta miwani. Wengine walidondosha yale maji mekundu ambayo kipepeo mpya hudondosha, yakaweka matone juu ya weupe. Mtu akacheka akidhani ni mzaha. Mwingine akauliza kwa sauti, "Ni mende?" Mama Marashi akachukua leso ya karatasi, akaanza kuwapangusa kutoka upande wake.

Mama Pasi hakuwatazama hao. Alimtazama Kijino. Alikuwa anangoja kidole.

Na kidole kilikuja. Kiliinuka, kikanyooka kuelekea kwa mmoja aliyekuwa anajikokota karibu na keki. Kikafika nusu ya njia. Mpiga picha akasema, "Bibi harusi, angalia huku," na kidole kikarudi kwenye maua.

"Mama," Kijino akasema polepole, midomo ikitabasamu kwa ajili ya picha, "funika."

Muziki ukapigwa. Mama Pasi akawaokota. Alihesabu mpaka wakatimia thelathini na wawili, ingawa wanne walikuwa wameshapondeka, akalifunika boksi, akatoka kwa mlango wa jikoni kwa kuwa ndio aliouzoea.

Alhamisi, Mzee Gundi alimwita ukutani kwake. Kwenye ubao uliopigiliwa ukutani, mahali pa kivuli, kulikuwa na kifuko kilichopasuka na kipepeo mzima, njano na nyeusi, mabawa yamenyooka kama karatasi ya benki.

"Mtoro wako huyu," alisema Mzee Gundi.

Mama Pasi alikwenda kutazama chaki nyuma ya mlango. Alhamisi. Hesabu yake haikukosea hata siku moja. Alirudi akakuta ukuta mtupu.

"Kaenda," alisema Mzee Gundi, na kwa mara ya kwanza hakuongeza utani.

Jumamosi, ile Jumamosi yenyewe ya zamani, mzigo wa ukumbi ulikuwa umesharudi. Vile vitambaa vyeupe vilikuwa na madoa mekundu yaliyokauka, na Mama Pasi alikuwa akiyatoa kwa malimau ya mlimau wake mwenyewe, tone kwa tone, Kijino alipopiga hodi. Gari aliliacha linanguruma nje.

"Shikamoo, Mama. Nimefuata ule utepe wa kiti. Mama ameuomba, anataka kuuwekea fremu. Kama umeshafuliwa."

"Umeshafuliwa. Bado pasi tu. Kaa."

Akakaa kwenye kigoda. Mama Pasi aliutandaza utepe mezani, maandishi ya dhahabu juu, akaweka pasi. Ilikuwa ya moto, kipimo cha pamba, si cha satini. Kwenye sahani kando ya meza palikuwa na pamba iliyoloweshwa maji ya sukari, na juu yake kipepeo mmoja aliyebaki hai, bawa moja kama sikio la mbwa.

"Huyu yupo bado?" Kijino akauliza.

"Yupo. Siku ya saba leo."

Kijino alimtazama muda mrefu. Kisha akashusha kidole taratibu, kama zamani, na kipepeo akapanda. Alikisogeza karibu na uso wake. Macho yakamjaa maji.

Mama Pasi alisimama akiwaangalia wote wawili. Hicho kidole alikuwa amekitaka Jumapili, mbele ya watu mia tatu. Sasa alikuwa amekipata chumbani, mlango umerudishwa, gari linanguruma nje.

"Hapa hakuna mpiga picha," alisema.

Kijino alikuwa anamsemesha kipepeo. Mama Pasi akachukua limau lake na kitambaa kingine, akaanza doa jipya, kwa utulivu wa mtu mwenye siku nzima. Harufu ikaja kwanza, kisha uzi mwembamba wa moshi.

"Mama, pasi."

Mama Pasi aliinua kichwa, akaitazama pasi kana kwamba ni ya jirani. Akaenda, akaiinua. Pale lilipokuwa neno la kwanza palikuwa na alama ya kahawia, imechongoka mbele, pana nyuma, imetulia vizuri kabisa katikati ya satini. Wa Bibi Harusi ilikuwa bado inasomeka.

"Mama, umeiachaje juu?"

"Mimi?" alisema Mama Pasi, akiukunja utepe mara nne, pembe juu ya pembe, mkunjo ulionyooka kama kawaida yake, kisha akampa mkononi. "Nilidhani wewe umeitoa, mwanangu."